Marekebisho ya 13, ya 14 au ya 15: uanze na yapi?

Jumamosi asubuhi huwa nawasaidia watu wanaojiandaa na usaili wa uraia wa Marekani. Tunakutana katika ukumbi mdogo wa kanisa, na humo ndani kuna Kiswahili cha kila namna: cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Mombasa, cha Dar. Siku moja tulifika kwenye marekebisho matatu ya katiba yaliyokuja baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mama mmoja aliyetoka Kongo kupitia kambi ya Nyarugusu akainua mkono. "Mwalimu, niko na swali. Haya yote matatu nitayasahau. Unichagulie moja tu, ile inanihusu."

Nikamjibu haraka kwamba yote yanamhusu, tukaendelea na somo. Nilipofika nyumbani jibu hilo lilinikera. Ni la kweli, lakini halimsaidii mtu mwenye daftari moja na wiki tatu za kusoma. Halimsaidii pia mwanafunzi wa historia aliyeambiwa achague marekebisho mamoja aandikie insha, wala kijana wa chama cha mdahalo anayetafuta hoja yenye mashiko. Kwa hiyo nimeyakalisha matatu mezani, moja baada ya jingine, kwa kipimo kilekile.

Kwanza kidogo kuhusu yalikotoka. Sensa ya 1860 ilihesabu karibu watumwa milioni 4 nchini Marekani. Vita kati ya serikali ya shirikisho na majimbo ya kusini yaliyojitenga vikaanza mwaka uliofuata. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln akatoa tangazo la kuwaweka huru watumwa, na wengi wetu tunaamini kwamba utumwa uliishia hapo. Haukuishia hapo. Tangazo lile lilikuwa amri ya vita, na liligusa maeneo yaliyokuwa yameasi tu. Kentucky na Delaware, majimbo ya watumwa ambayo hayakujitenga, hayakuguswa. Hata Texas, ambako tangazo lilihusu, amri ilisomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na nusu baadaye. Na amri ya rais mmoja inaweza kufutwa na rais mwingine au kupingwa mahakamani. Ili jambo lisirudi nyuma ilibidi liandikwe ndani ya katiba yenyewe, na njia hiyo ni ngumu: theluthi mbili ya kura katika Seneti, theluthi mbili katika Baraza la Wawakilishi, kisha robo tatu ya majimbo yaridhie.

Vigezo nilivyotumia

Nimeuliza kila moja maswali manne. Maneno yenyewe yanasema nini? Yanamfunga nani, serikali peke yake au hata jirani na mwajiri? Mwanya gani uliachwa, na nani aliupitia? Na tangu yaandikwe, yamefanya kazi gani? Baada ya hapo ndipo nasema yanamfaa nani.

Kama huna muda wa maswali yote manne, shika la pili. Watu hulipita mbio, na ndilo linalotenganisha marekebisho haya kuliko tarehe zake.

Marekebisho ya 13: kufuta utumwa

Maneno. Ni sentensi mbili tu. Ya kwanza, kwa Kiswahili changu, inasema kwamba utumwa na utumikishwaji wa lazima havitakuwepo ndani ya Marekani wala mahali popote palipo chini ya mamlaka yake, isipokuwa kama adhabu ya kosa ambalo mhusika ametiwa hatiani kihalali. Ya pili inaipa Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa pamoja, mamlaka ya kutunga sheria za kuyatekeleza. Seneti iliyapitisha Aprili 1864. Wawakilishi waliyakwamisha mara ya kwanza, yakarudishwa, na tarehe 31 Januari 1865 yakapita kwa kura 119 dhidi ya 56. Waliokuwa wamejaa kwenye roshani, wakiwemo watu weusi ambao si miaka mingi nyuma wasingeruhusiwa kukaa pale, walishangilia na kulia. Lincoln aliuawa Aprili mwaka huohuo. Majimbo yalipotimiza idadi ya kuridhia, tarehe 6 Desemba 1865, yeye alikuwa kaburini.

Yanamfunga nani? Kila mtu. Soma tena ile sentensi: haisemi "serikali isifanye", wala "jimbo lisitunge". Inasema utumwa hautakuwepo, basi. Anayemtumikisha mwenzake jikoni kwake anayavunja sawasawa na jimbo linalotunga sheria mbaya. Ndiyo maana sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu imesimama juu ya marekebisho haya. Msichana wa kazi aliyeletwa Marekani kwa ahadi ya mshahara, akafika akanyang'anywa pasipoti, akawa analala chini stoo na kuambiwa kwamba akitoka nje polisi watamkamata: huyo analindwa na maneno ya 1865, hata kama aliyemfungia ni ndugu yake mwenyewe aliyemkatia tiketi. Darasani nikieleza mfano huu ukumbi hunyamaza, na siku zote kuna mtu anayenisubiri nje baada ya somo.

Mwanya. Ni yale maneno "isipokuwa kama adhabu ya kosa". Hayakutungwa na watu wabaya usiku. Yalinakiliwa kutoka sheria ya 1787 iliyopiga marufuku utumwa katika maeneo ya kaskazini-magharibi, na waliopiga kura wengi waliyaona ya kawaida. Lakini majimbo ya kusini hayakusubiri hata wino ukauke. Mwishoni mwa 1865 Mississippi ilitunga sheria iliyomtaka mtu mweusi awe na hati ya kuonyesha ana kazi kila Januari. Asiyekuwa nayo alikamatwa kwa kosa la uzururaji, neno ambalo Waafrika Mashariki tunalijua vizuri, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akakodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Mara nyingi aliyemlipia alikuwa mwenye shamba la pamba. Baadaye majimbo yakaanza kuwakodisha wafungwa kwa makundi kwenye migodi, reli na mashamba. Alabama iliacha mwaka 1928. Mwenye mtumwa alikuwa na sababu ya kumlisha, maana alimnunua. Mfungwa wa kukodi akifa, aliyemkodi aliletewa mwingine.

Mjadala huo bado uko hai. Colorado ilifuta mwanya kama huo katika katiba yake ya jimbo mwaka 2018, Nebraska na Utah mwaka 2020, na Alabama, Oregon, Tennessee na Vermont mwaka 2022. California ilipelekea wananchi swali la aina hiyo mwaka 2024, wakakataa. Katiba ya shirikisho yenyewe haijaguswa. Kwa msomaji wa nyumbani, linganisha: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 30, inakataza utumwa na kazi ya lazima bila kumtaja mfungwa, ilhali ya Tanzania, ibara ya 25, inasema kazi inayofanywa kwa hukumu au amri ya mahakama haihesabiwi kuwa kazi ya lazima.

Kazi yaliyofanya. Mahakamani hayana orodha ndefu. Mwaka 1911 yalivunja sheria ya Alabama iliyomfanya mhalifu mtu aliyechukua malipo ya awali kisha akaacha kazi. Huo ulikuwa utumwa wa deni. Mwaka 1968, katika kesi ya Joseph Lee Jones aliyekataliwa kuuziwa nyumba karibu na St. Louis kwa sababu ya rangi yake, Mahakama ya Juu ilisema Kongresi inaweza kutumia marekebisho haya kufuta hata mabaki ya utumwa katika biashara kati ya mtu na mtu. Ni hukumu kubwa, na naona haisomwi inavyostahili.

Yanamfaa nani? Anayeshughulika na haki za wafanyakazi wa ndani, wafungwa au waliosafirishwa kwa hila. Yanamfaa pia mwandishi wa insha anayependa kuchambua maneno machache kwa kina. Anayetafuta msururu wa kesi atapungukiwa.

Marekebisho ya 14: uraia, haki na usawa

Hapa nitakaa zaidi.

Maneno. Yana vifungu vitano, na usiogope: vitatu unaweza kuvisoma mara moja ukaviacha. Cha kwanza ndicho kinachobeba mzigo. Sentensi yake ya mwanzo inasema kwamba watu wote waliozaliwa au kupewa uraia Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani na wa jimbo wanamoishi. Ili uone uzito wake, rudi 1857. Mwaka huo Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu Roger Taney, ilimwambia Dred Scott, mtumwa aliyekuwa akidai uhuru wake, kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa hawezi kuwa raia na hana haki ya kushtaki katika mahakama za shirikisho. Marekebisho ya 14, yaliyopitishwa na Kongresi Juni 1866 na kuridhiwa tarehe 9 Julai 1868, yaliifuta hukumu hiyo kwa sentensi moja.

Kisha kinaendelea: jimbo lisipunguze haki za raia, lisimwondolee mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki wa kisheria, lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Angalia neno linavyobadilika. Mwanzo ni "raia", kisha ni "mtu". Wewe mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), wewe unayesubiri hifadhi, wewe usiye na karatasi yoyote, uko ndani ya neno "mtu". Nasema hivi polepole kila muhula, kwa sababu wanafunzi wangu wengi wamezoea kudhani kwamba bila uraia sheria haiwaoni.

Kifungu cha 4 kina jambo ambalo Mswahili wa pwani anapaswa kulijua. Kilikataza serikali ya shirikisho au jimbo lolote kumlipa mtu fidia kwa kupoteza mtumwa. Zanzibar mwaka 1897, amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ilipoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, mambo yalikwenda kinyume chake: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana wake akapewa fidia. Masuria hawakuguswa hadi 1909. Mtu anayetaka kulinganisha namna mbili za kumaliza utumwa ana insha nzima hapo.

Yanamfunga nani? Mbali na ile sentensi ya uraia, makatazo ya kifungu cha kwanza yanaielekea serikali: "jimbo lolote lisi...". Shule ya umma, polisi, mahakama, halmashauri ya mji. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hoteli, majumba ya maonyesho na usafiri wa watu binafsi hayaguswi na katazo hilo, ikaangusha sheria ya haki za raia ya 1875. Ndiyo sababu Sheria ya Haki za Raia ya 1964, ilipotaka kuwafungulia weusi milango ya hoteli na migahawa, ilitetewa mahakamani kwa mamlaka ya Kongresi juu ya biashara kati ya majimbo. Darasani huwa nauliza: mwenye duka akikufukuza kwa sababu ya lafudhi yako, amevunja Marekebisho ya 14? Karibu wote husema ndiyo. Anaweza kuwa amevunja sheria nyingine, lakini hayo hayakumlenga yeye.

Mwanya. Hapa mwanya haumo katika maandishi kama ulivyo kwenye ya 13. Umo katika vichwa vya wanaoyasoma. Mwaka 1873, katika kesi ya wachinjaji wa New Orleans, Mahakama iliubana sana ule mstari wa "haki za raia", na haujapona mpaka leo. Tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy alikata tiketi ya daraja la kwanza mjini New Orleans, akaketi kwenye behewa la wazungu. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba ilibidi aseme mwenyewe kuwa ana damu ya Kiafrika ndipo akamatwe. Jambo zima lilipangwa na kamati ya wananchi waliotaka kuipinga sheria ya Louisiana. Mwaka 1896 Mahakama ikasema kutenganishwa si kunyimwa usawa. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Maneno ya katiba yalikuwa yaleyale 1896 na 1954, mwaka ambao majaji wote tisa walisema katika kesi ya Brown kwamba shule zilizotenganishwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu ya Plessy alikuwa amebakiza siku moja tu kutimiza miaka 58 ilipotolewa ya Brown.

Kifungu cha 2 nacho kiliingiza neno "wanaume" katika katiba kwa mara ya kwanza kikizungumzia wapiga kura, jambo lililowauma wanawake waliokuwa wamepigania kukomesha utumwa. Wenyeji wa asili wa Amerika pia waliachwa nje: mwaka 1884 Mahakama ilikataa kwamba John Elk, aliyezaliwa katika kabila lake na kuhamia Omaha, ni raia. Walisubiri sheria ya 1924.

Kazi yaliyofanya. Ni nyingi mno, nachukua mbili. San Francisco ilikuwa na sheria iliyotaka kibali kwa mtu kufua nguo katika jengo la mbao. Wachina wapatao 200 waliomba kibali, wote wakanyimwa. Wasio Wachina wapatao 80 waliomba, wakapewa wote isipokuwa mmoja. Sheria yenyewe haikutaja Mchina hata mara moja. Mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo, Mahakama ilisema sheria iliyoandikwa vizuri ikitekelezwa kwa ubaguzi inavunja usawa, na kwamba mgeni asiye raia analindwa. Ya pili ni ya Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873 kwa wazazi Wachina. Alikwenda China kuwatembelea, na aliporudi 1895 maofisa wakamzuia kushuka melini wakisema si raia. Alikaa miezi akihamishwa kutoka meli hadi meli, mji aliozaliwa akiuona kwa macho. Mwaka 1898 Mahakama ilimpa haki: aliyezaliwa hapa ni raia, hata kama wazazi wake ni wageni. Amri ya rais ya Januari 2025 iliyotaka kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani ilipelekwa mahakamani mara moja, na jina la Wong Kim Ark likarudi midomoni mwa mawakili.

Yanamfaa nani? Mwenye watoto waliozaliwa Marekani, asiye raia bado, mwanafunzi wa sheria, na kila anayependa kesi. Hayamfai mwenye haraka, maana ukifungua mlango mmoja unakuta mingine mitano.

Marekebisho ya 15: kura

Maneno. Haki ya raia wa Marekani kupiga kura haitanyimwa wala kupunguzwa na serikali ya shirikisho au jimbo lolote kwa sababu ya rangi, asili au kuwahi kuwa mtumwa. Yaliridhiwa tarehe 3 Februari 1870. Usiyasome kama zawadi ya kura. Hayasemi kila raia atapiga kura. Yanataja sababu ambazo haziruhusiwi kutumika kumnyima. Sababu nyingine zote zilibaki huru, na jinsia ilikuwa mojawapo. Kwa hilo chama cha watetezi wa usawa kilipasuka mwaka 1869: Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watetezi wa haki za wanawake, waliyapinga; Lucy Stone, mtetezi mwenzao, na Frederick Douglass, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, waliyaunga mkono. Nimesoma hoja za pande zote mbili na siwezi kumlaumu Douglass, aliyekuwa akiona watu wake wakiuawa kusini. Ila maneno ambayo Stanton aliyatumia dhidi ya wanaume weusi yalikuwa mabaya, na mwalimu asiyafiche.

Yanamfunga nani? Serikali ya shirikisho na majimbo, na yanamlinda raia tu. Mwenye kadi ya kijani hayamgusi bado.

Mwanya. Tarehe 31 Machi 1870 Thomas Mundy Peterson, mfanyakazi wa usafi na matunzo wa shule mjini Perth Amboy, New Jersey, alikwenda kupiga kura kuhusu hati ya mji wake, akawa mtu mweusi wa kwanza kupiga kura chini ya marekebisho haya. Mwezi mmoja kabla yake Hiram Revels wa Mississippi alikuwa ameapishwa kuwa seneta. Kisha mlango ukafungwa, tena bila kutaja rangi. Katiba ya Mississippi ya 1890 ilileta kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma na kufafanua katiba, mbele ya karani aliyejiamulia nani amefaulu. Babu zetu walijua kodi ya kichwa: usipolipa, askari wanakuja. Huko hakuna aliyekufuata. Hukulipa, hukupiga kura, na waliotunga walifurahi ukisahau; Alabama hata madeni ya miaka ya nyuma yalilimbikizwa. Louisiana iliongeza kifungu cha babu: kama babu yako alipiga kura kabla ya 1867, unasamehewa mtihani. Babu wa mtu mweusi alikuwa shambani akiwa mali ya mtu. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 walioandikishwa mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Kazi yaliyofanya. Kifungu cha babu kiliangushwa 1915, na kura za mchujo za wazungu pekee 1944. Lakini kazi kubwa ilikuja kwa sheria iliyosimama juu ya marekebisho haya. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji waliodai haki ya weusi kupiga kura walipigwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus huko Selma, Alabama, na Agosti ya mwaka huo Rais Johnson akasaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Iliyataka majimbo yenye historia mbaya yaombe kibali kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliondoa orodha iliyoamua ni majimbo gani yaombe kibali, na sharti hilo likalala.

Yanamfaa nani? Aliyekwisha kula kiapo, anayefuatilia uchaguzi, na mwanafunzi anayetaka kuonyesha jinsi haki inavyoweza kubaki kwenye karatasi kwa miaka 95.

Uanze na yapi, kulingana na hali yako

Kama una usaili karibu na muda ni mchache, anza na ya 14 kwa sababu ya uraia, kisha ya 15. Kuna swali maarufu linalokutaka ueleze mojawapo ya marekebisho manne yahusuyo wapiga kura. Pamoja na ya 15, jifunze ya 19 (wanawake, 1920), ya 24 (kukomesha kodi ya kichwa katika uchaguzi wa shirikisho, 1964) na ya 26 (miaka 18, 1971). Ya 13 yakariri kwa mstari mmoja.

Kama wewe au mtu unayemjua anafanyishwa kazi bila malipo, kwa vitisho au kwa kushikiliwa hati, soma ya 13 leo na umtafute mwanasheria wa msaada wa bure. Mengine yatasubiri.

Kama unaandika insha, tazama una nini mkononi. Ukiwa na kurasa tatu, mwanya wa ya 13 unatosha. Ukiwa na kurasa 15 na maktaba nzuri, ya 14, kutoka Plessy hadi Brown. Ukipenda siasa na takwimu, hesabu ile ya Louisiana ni mwanzo mzuri wa aya ya kwanza.

Kwenye mdahalo kuhusu wafungwa chukua ya 13. Kuhusu uhamiaji, ya 14. Kuhusu tume za uchaguzi na vitambulisho vya wapiga kura, hata kama mdahalo ni wa Nairobi au Dodoma, ya 15 yana mifano mingi ya sheria isiyotaja kabila wala rangi lakini inajua inamlenga nani.

Kama unamfundisha mtoto wa miaka 10, mpe watu kabla ya vifungu: Wong Kim Ark melini, Peterson na karatasi yake ya kura. Atauliza maswali ya sheria mwenyewe.

Yule mama nilimrudia Jumamosi iliyofuata. Usiku anasafisha ofisi, mwanawe wa mwisho kazaliwa hapa, yeye mwenyewe bado ana kadi ya kijani. Tulipitia matatu yote kwa mambo hayo: mshahara wake, mtoto wake, kura ambayo hana bado. Akachagua ya 14, akanakili sentensi ya kwanza kwa Kiswahili, akapigia mstari neno "waliozaliwa". Kisha akauliza ya 15 yataanza lini kwake. Nikamwambia, siku ile ukishakula kiapo, unaruhusiwa kujaza fomu ya kujiandikisha. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake 15, akauacha mtupu.